Boya la Mkuyu wa Baba

Besi si samaki wa chini wala si samaki wa juu. Kambale utamkuta matopeni, perege utamkuta ukingoni akichezea majani, lakini besi, hasa miezi ya baridi, anajining'iniza katikati ya maji, kwenye matawi ya miti iliyozama, na hapo anashinda kutwa bila kutikisa mkia. Ndoana ikimpita kwenda chini, haifuati. Ikibaki juu yake, hapandi. Lazima umpelekee mdomoni, kama mgonjwa. Ndiyo maana watu wa mjini wanaokuja na fimbo zao za dukani hurudi na picha za mawingu, na sisi wa Kalwesa tunarudi na samaki.

Sisi tunajua kwa sababu miti ile ni yetu. Kabla ya bwawa, miaka kumi na minne iliyopita, kijiji chetu kilikuwa mle bondeni, mbele ya kijiji cha Pito, na maji yalipofungiwa miti haikukatwa. Tuliambiwa itaoza. Haikuoza. Imesimama mle mpaka leo na matawi yake, vilele vyake viko kama nusu pima, urefu wa mkono, chini ya maji, na ukipita juu yake kwa mtumbwi huoni kitu ila weusi. Mimi sihitaji kuona. Mkuyu wa baba niliupanda tangu nina miaka mitano, kwa hiyo nikishusha mshipi wenye nati mwishoni nahesabu kama mtu anayeteremka. Tawi la kwanza ni lile la kukalia. La pili lina kovu la shoka. La tatu ndilo mama alilotundikia vibuyu vyake vya mbegu. Besi wakubwa wanakaa la tatu, pima nne kutoka juu.

Tuna desturi ya kubisha hodi. Ukifika juu ya ua wa watu, unabisha kabla ya kushusha mshipi. Mwenye ua akiwepo miongoni mwenu ataitikia karibu, na asipokuwepo unamtaja mtoto wake yeyote aliye hai, yatosha. Wageni wanatucheka. Mdogo wangu Timoth naye aliifanyia mzaha. Tukifika kwetu alibisha hodi kwa sauti nzito, kisha akajiitikia kwa sauti nyembamba ya marehemu bibi: karibu mjukuu wangu, ugali upo.

Ua mmoja tu haukubishwa hodi, wa mzee Kashinje, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Alikataa kuhama, akafa wiki ile ile maji yalipoingia zizini, tukamzika huku juu. Wanawe wakaswaga ng'ombe wakaenda zao Katavi, wala hawakurudi. Hakuna wa kuitikia pale. Alikuwa na mninga mkubwa aliotundikia mizinga ya nyuki kwa waya, na kwenye mti ule hatukuvua hata siku moja.

Kwa kuwa vilele havionekani, kila familia inafunga boya kwenye mti wake. Letu ni kidumu cha njano cha mafuta ya kula, cha lita tano, na kamba yake imefungwa kwa fundo alilotufundisha baba. Fundo hilo tulilijua watu watatu, na baba alikwisha kufa siku nyingi. Nayaeleza haya polepole kwa sababu nataka mnielewe vizuri nilichofanya, msije mkanihurumia.

Timoth alikuwa dereva wa bodaboda mjini. Alipanga mtaa wa Kizwite na mkewe Cornelia na binti yao Sharon, wa miaka tisa. Mwaka huu alianza kuja bwawani na rafiki yake Lwitiko, mtu wa Mbeya, mtumishi wa serikali, mwenye fimbo ya kuvulia inayokunjika kama mwavuli. Timoth akamwonyesha tawi la tatu. Kwa wiki sita mfululizo besi wa mkuyu wa baba walipandishwa, wakapigwa picha, wakarushwa kwenye simu za watu ambao hata hawajui Kalwesa iko wapi. Lwitiko ni mtu mwema, nalisema hilo sasa. Wakati ule nilimwona mwizi aliyefunguliwa mlango na mtoto wa nyumbani, na roho iliniuma mpaka nikakosa usingizi.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, alasiri, nikaenda peke yangu na mtumbwi. Nikalifungua boya kwenye mkuyu, nikalipeleka mita mia mbili hivi kuelekea mashariki, nikalifunga kwenye mninga wa Kashinje. Nikajisemea, wakavue kwa asiyeitikia, tuone watapiga picha gani.

Jioni Timoth akanipigia simu. Jumapili Sharon alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza, naye alitaka besi wawili watatu kwa ajili ya wageni. Angekuja alfajiri.

"Kaka, boya liko pale pale?"

Nilikuwa nakula. Nilidhani yuko na Lwitiko wake pembeni, na niliona aibu kueleza. "Liko pale pale," nikasema, nikamalizia ugali wangu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa, ule wetu wa kipupwe unaomfanya mtu asione ncha ya kasia lake. Kwenye saa tatu mtumbwi wa Timoth ulikutwa kwenye tuta la bwawa, mtupu, umesukumwa na upepo. Ndani kulikuwa na viatu vyake na soksi zimekunjwa vizuri. Kila mtu alielewa. Ndoana ikinasa, watu wa Kalwesa hatukati mshipi. Tunavua viatu, tunabana pumzi, tunashika kilele na kuteremka mti kwa mikono mpaka kwenye tawi, tunanasua, tunapanda. Mkuyu wa baba, Timoth angeuteremka amefumba macho. Lakini mtu anayeteremka mninga akiamini ni mkuyu, mkono wake unatafuta tawi ambalo halipo, unakuta waya.

Niliyaona hayo yote kwa mara moja nimesimama ukingoni. Nikawa wa kwanza kurukia mtumbwi, watu wakasema damu nzito kuliko maji. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kashinje. Sikuita jina la Timoth. Sikutazama chini. Nililifungua lile boya kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikalirudisha kwenye mkuyu, na ukungu ulipoinuka kila mtu akaliona boya letu liko mahali pake, wakatafuta hapo. Vijana wa kupiga mbizi walikuja kutoka mjini, wakapekua tope la chini ya mkuyu wetu siku tatu nzima, wakatoa sufuria, jembe na kiti cha babu. Niliogopa macho ya mama kuliko nilivyompenda Timoth. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kwetu mtu akizama asionekane, maji yanafungwa. Hakuna kuvua. Mitumbwi inapandishwa na kulazwa kifudifudi, makasia yanafungiwa stoo ya kigango, na ufunguo anakaa nao katekista wetu, Rafaeli, ameuvaa shingoni pamoja na rozari. Cornelia alihama Kizwite akaja kukaa mkekani nyumbani kwa mama. Hapiki, hasuki nywele, havuki ua, mpaka mumewe azikwe. Gauni jeupe la Sharon lilitundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa chake, na halikuvaliwa.

Siku ya nane nilikwenda kumjulia hali mama asubuhi. Nyumba yake iko juu ya kilima, ukikaa mlangoni unaliona bwawa lote. Mama yangu, Silvana, haoni tundu la sindano, ila vya mbali anaviona kama mwewe. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema bila kuinua uso kwamba boya limehama.

Nikageuka. Kidumu cha njano kilikuwa kwa Kashinje.

Nilimwambia kamba imekatika, upepo umelisukuma. Mama akaendelea na maharage yake. Nikateremka kwa Rafaeli, nikamwomba ufunguo, nikamdanganya naye, nikachukua kasia. Kamba haikuwa imekatika. Ilikuwa imefungwa kwenye kilele cha mninga, nusu pima chini ya maji, na nilipoingiza mkono hadi begani kuipapasa, vidole vyangu vilikuta fundo la baba. Lilikuwa limekazwa upya. Nilihangaika nalo hadi meno yakagongana kwa baridi, nikalirudisha boya kwenye mkuyu.

Siku ya kumi na tatu likawa limehama tena. Safari hii nilijikaza, nikainama juu ya maji kwa Kashinje, nikakinga uso kwa mikono miwili. Asubuhi ile jua lilikuwa limetoka, lilipenya chini kidogo. Niliona besi. Nimevua maisha yangu yote sijapata kuona besi wengi namna ile mahali pamoja, wamening'inia kati ya matawi, wakubwa kwa wadogo, wamejipanga duara, vichwa vyote vimeelekea ndani. Hawakutikisika. Kilichokuwa katikati ya duara sikukitazama. Nilifungua boya, nikalirudisha, na nilipofika nchi kavu nikakaa kwenye majani yenye umande kama mlevi.

Rafaeli aliniapia kwamba ufunguo haujatoka shingoni mwake isipokuwa mara mbili nilizouomba mimi. Mitumbwi yote ilikuwa imelala vile vile, majani yameanza kuota pembeni yake. Nikaanza kuwachunguza watu. Nilifikiri labda yupo aliyeniona siku ile ukunguni, ananidhihaki. Lakini fundo lile nani amfundishe? Usiku nililala nimekunja ngumi ili mikono yangu mwenyewe isiende popote.

Wazee wa ukoo wakakutana. Wakasema mjane hawezi kukaa mkekani mpaka mvua za Novemba, Jumamosi uzikwe mgomba. Ndivyo wanavyofanya ukoo wetu mtu akipotelea majini. Mgomba unakatwa kwa kimo chake, unavalishwa nguo zake, unazikwa kwa heshima zote. Na ukishazikwa, basi. Aliyeko majini hatafutwi tena wala hatajwi, amekuwa wa huko. Mama alisema neno moja tu, kwamba yeye hakuzaa mgomba. Wazee wakamsikiliza kwa adabu, wakaendelea kupanga. Mimi mwana mkubwa nikaulizwa, nikasema sawa. Nilijua nikinyamaza siku mbili tu zaidi mambo yatakwisha, na kila nilipolifikiria hilo nilipata nafuu, halafu nikajichukia kwa ile nafuu.

Ijumaa, siku ya ishirini na moja, mgomba ulikuwa umelazwa uani kwa mama umevalishwa shati la Timoth la mistari, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Lwitiko alikuwepo. Alikuwa anakuja kila alipopata ruhusa kazini, anachimba kaburi na vijana wetu bila kuombwa, na mimi sijawahi hata kumkaribisha maji. Boya lilikuwa kwa Kashinje tena. Sikwenda kulirudisha. Nilikaa kizingitini, Cornelia yuko mkekani nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu aje alinisemesha zaidi ya salamu.

"Shemeji," akasema, "siku ile Timoth aliweka simu sauti ya juu, alikuwa anafunga mkoba. Nilikusikia. Ulimwambia boya liko pale pale."

Nikasema ndiyo.

"Basi kama lilikuwa pale pale, na yeye alikwenda pale pale, mbona hayupo?"

Hakuwa ananituhumu. Aliuliza kama mtoto anavyouliza, anataka kuelezwa tu. Alikuwa amelipigia hesabu swali lile siku zote hizo pale mkekani na hakupata jibu, akaona mimi mkubwa nitakuwa nalo. Nilimtazama yeye, nikautazama mgomba na shati la mdogo wangu. Nilinyanyuka, nikamwendea Lwitiko kwenye udongo wa kaburi, nikamwambia twende majini.

Rafaeli alinipa ufunguo bila kuuliza kitu. Upepo wa Ufipa wa mchana ulikuwa umeanza, ule mkavu unaochana midomo, na bwawa lote lilikuwa na mawimbi madogo. Lwitiko alipiga kasia mbele. Tulipoupita mkuyu aligeuka.

"Kaka Marselino, tumeshapita."

"Najua," nikasema.

Alinitazama usoni, kisha akageukia mbele akaendelea kupiga kasia. Nadhani hapo ndipo alipojua.

Kwa Kashinje mawimbi yalikuwa yanatupiga ubavuni, mtumbwi unayumba, lakini kile kidumu cha njano kilikuwa kimetulia kabisa, kama kimewekwa juu ya meza. Sikuwa na jina la mtoto wa kutaja, sijui kama wanawe wako hai. Nikabisha tu. "Hodi kwa mzee Kashinje," nikasema, na sauti yangu niliisikia ndogo. "Nimekuja kumchukua mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemleta."

Hakuna aliyeitikia. Nikashusha mshipi, sikutia chambo. Mninga ule nilishaupanda mara moja tu nikiwa mtoto, kuiba asali, kwa hiyo nilihesabu kwa kubahatisha. Nusu pima, kilele. Pima mbili, mzinga wa kwanza. Kufika pima tatu na nusu mshipi ukasimama. Haukugonga kitu, ulisimama tu mkononi mwangu. Halafu ukavutwa mara mbili, taratibu.

Tulipokuwa vijana, mmoja wetu akiteremka mti kunasua ndoana, mwenzake alibaki mtumbwini ameshika uzi uliofungwa kwenye kifundo cha mkono wa aliyezama. Ukivutwa mara moja, niache kidogo. Ukivutwa mara mbili, nipandishe.

Lwitiko aliuona mshipi. Nilimuuliza baadaye, akasema ameuona, akaniomba tusilizungumze tena. Yeye amekulia Matema, kando ya ziwa, anaogelea kuliko sisi wote. Alivua nguo kwenye ule upepo bila kulalamika. Nikamwelekeza ateremke hadi mzinga wa pili na asishike chochote kinachofanana na kamba, maana ni waya, nikampa koleo la kukatia. Alizama mara tatu. Mara ya kwanza alipanda akashika ukingo wa mtumbwi, akasema yupo. Mara ya pili alihema tu. Mara ya tatu alipanda naye.

Amenieleza mara moja tu alivyomkuta. Alikuwa amesimama. Koti lake la bodaboda lilinaswa na waya mgongoni, mkono mmoja umeshika tawi, kama mtu aliyepumzika katikati ya mti kabla ya kupanda. Besi walikuwa wamemzunguka na hakuna aliyemgusa, na Lwitiko alipofika hawakukimbia, walimpisha. Baridi ya maji yale ilikuwa imemtunza. Tulimfunika kwa blanketi tukamleta, na mimi njia nzima nilimshika miguu, ambayo haikuwa na viatu.

Mama alikuwa ameshateremka kilima, amesimama ukingoni. Aliinama akafunua blanketi upande wa uso, akafunika, akasema huyu sasa ndiye wangu. Mgomba ule ukavuliwa shati, ukatupwa kwa ng'ombe.

Tukamzika Jumamosi ile ile, kwenye kaburi lile lile. Watu walishajieleza wenyewe kwamba maji yamemhamisha kutoka mkuyu hadi mninga, na kwamba Marselino ameota mahali alipo, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Walinishika mikono kunishukuru. Kina mama waliniombea. Kila mkono ulioshika wangu nilitamani uniachie.

Kwenye mazishi yetu husomwa historia fupi ya marehemu, na msomaji ni mwana mkubwa. Lwitiko alikuwa ameiandika na kuichapisha mjini, karatasi moja. Nikasimama kichwani mwa kaburi. Nikasoma alivyozaliwa, shule aliyosoma, ndoa, mtoto mmoja. Nikafika mwisho: tarehe hiyo alifikwa na mauti akivua samaki kwenye mkuyu wa marehemu baba yake. Chini ya hapo Lwitiko alikuwa ameacha nafasi tupu ya mistari mitatu. Yeye hupanga karatasi zake hadi ukingoni, nilishawahi kuona kazi yake. Nafasi ile aliiacha makusudi.

Nikakunja karatasi. Nikawaambia watu kwamba hilo si kweli. Nikawaeleza Ijumaa, boya, simu, maneno niliyosema na ugali niliomalizia. Nikawaeleza ukungu na jinsi nilivyolirudisha boya, na siku tatu za vijana kufukua tope nami nimesimama natazama. Sikueleza habari ya fundo, kwa sababu ingesikika kama najitetea. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Cornelia alikuwa amemshika Sharon mbele yake, yule mtoto amevaa gauni lake jeupe, na nilipomaliza alimgeuza uso mtoto, akamwegemeza tumboni kwake, nisimwone.

Jioni hakuna aliyekaa karibu nami motoni isipokuwa mama. Alikuja na kigoda chake. Nilimwambia anipige kama anataka.

"Ijumaa ile nilikuona kutoka mlangoni," akasema. "Nilikuona unalihamisha. Jumamosi nikaliona liko mkuyuni, nikadhani macho yangu yamezeeka. Lilipoanza kuhama lenyewe ndipo nikaelewa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, yeye mama yake.

"Nilikuwa na watoto wawili majini," akasema. "Kama ningesema, ningempata mmoja. Nilingoja aliye hai atoke mwenyewe amtoe mwenzake." Kisha akasogeza kuni motoni. "Nimemkosea Cornelia kwa kungoja. Hilo ni langu, nitalibeba mimi."

Baada ya siku arobaini maji yanafunguliwa. Anayefungua ni ndugu wa karibu wa aliyezama, na samaki wa kwanza huenda kwenye chungu cha mjane. Niliwaambia wazee wamtafute mwingine. Wakasema mwingine hayupo. Boya nilikwisha kulikata kwenye mninga siku tuliyomtoa Timoth, nikamkabidhi Rafaeli alifungie stoo, maana sikutaka kuliona. Asubuhi ile Rafaeli alipofungua, makasia yalikuwepo yote, kidumu hakikuwepo. Tulitazamana, naye akashika rozari yake pamoja na ule ufunguo.

Ukungu ulikuwepo tena, ingawa si mzito. Nilipiga kasia kwa kukumbuka, na mahali mkono wangu ulipoacha kupiga, kidumu kilikuwa hapo, kwenye mkuyu wa baba. Sikupapasa fundo. Nikabisha hodi kwetu, nikangoja kidogo kwa mazoea ile sauti nyembamba ya bibi, haikuja. Nikashusha. La kukalia, lenye kovu, la vibuyu. Besi akapokea kwa upole, mkubwa wa kilo mbili na zaidi. Hakupigana wakati wa kumpandisha.

Cornelia alikuwa ukingoni kwa ajili ya desturi, amekwisha kunyoa nywele, Sharon yuko pembeni. Tangu kaburini hakuwa amenisemesha. Nilipiga goti, nikamnyooshea samaki kwa mikono miwili. Alimpokea, naye kwa mikono miwili, akamtazama yule samaki badala ya kunitazama mimi.

"Umemvua wapi?"

"Kwenye mkuyu wa baba."

"Na boya liko pale pale?"

Niliinuka, nikampa mgongo, nikalitazama bwawa. Ukungu ulikuwa unainuka polepole kutoka upande wa mashariki. Nilisubiri hadi ukainuka wote, yeye naye akasubiri na samaki wake mikononi, mtoto akauliza tunangoja nini. Nilipoona rangi ya njano kwa macho yangu, na nilipokwisha kuhakikisha liko upande wa mkuyu, ndipo nikamgeukia shemeji yangu nikamjibu.